Bhoke wa Nyumba Ipi

Siku yangu ya kwanza kazini nilifungiwa gizani saa tatu nzima. Usinionee huruma, ndiyo ilikuwa kazi yenyewe. Wakati ule picha ya eksirei ilitoka kwenye filamu, na filamu ilisafishwa kwa dawa katika chumba kisicho na dirisha, taa ndogo nyekundu ikiwaka kwenye kona. Mkuu wa Kitengo cha Mionzi, Msukuma mrefu aliyekuwa anakohoa kwa sababu ya zile dawa, aliniingiza mle, akafunga mlango, akasema akiwa nje, "Ukitoka humo bila kuharibu filamu hata moja, nitakufundisha kazi. Ukiharibu, rudi kwenu ukalime mihogo."

Niliharibu mbili. Nikatoka nazo mkononi nikamwonyesha. Akaziangalia, akanitazama na mimi, akasema, "Angalau hufichi," akanipa koti.

Hospitali yenyewe ilikuwa ndogo, nje kidogo ya mji wa Tarime, ina mashine moja ya mionzi iliyonguruma kama karasha ya kupondea mawe. Mkuu wa Kitengo alinifundisha kupanga mgonjwa, kuhesabu nguvu ya mionzi, kubandika alama ya madini ya risasi inayoonyesha upande wa kulia na wa kushoto. Lakini jambo alilonikazania kuliko yote halikuhusu mashine. Kila filamu ikikauka alichukua penseli na kuandika pembeni jina la mama wa mgonjwa. Fomu ilitaka jina lako, la baba na la babu, basi. Yeye aliongeza la mama.

Nilimuuliza kwa nini anajisumbua. Akacheka mpaka akakohoa.

"Nyie Wakurya Mungu aliwapa majina kumi, mkaona yanatosha. Mwita Chacha, Chacha Mwita, Marwa Chacha. Siku moja nitamfunga plasta Mwita wa leo na kumwacha Mwita wa jana akichechemea. Baba ni wa watoto wengi, binti yangu. Muulize mtu mama yake."

"Na nyie je? Si kila Msukuma ni Masanja?"

"Ndiyo, lakini Masanja hapigani akichanganywa."

Nilimwona mzee wa mambo ya kale. Nilikuwa kijana, nilidhani mashine ndiyo kazi.

Baadaye nilipelekwa wilaya ya Serengeti, kituo kilichokuwa upande wa Ikoma, nikakaa huko miaka saba. Huko niliwapiga picha wapagazi wa hoteli waliovunjika vidole, askari wa wanyama walioanguka na pikipiki, na mzee mmoja aliyepondwa nyonga na nyati halafu akabishana nami kwamba haikuvunjika. Nilikuwa peke yangu kitengoni. Nikajifunza kushika msimamo, maana ukiwa peke yako kila mtu anataka kukusukuma: daktari ana haraka, ndugu wana haraka, mgonjwa naye anataka aambiwe amepona.

Kutoka Ikoma nilichaguliwa kwenda jijini Mwanza kusomea sitiskani. Hii ni mashine inayokuzunguka na kukupiga picha nyembamba nyembamba, vipande kama vya mkate, kisha kompyuta inaviunganisha mpaka unaona fuvu zima, unaligeuza utakavyo. Pale ndipo nilipofundishwa kazi ambayo watu wengi hawajui kama ipo: kulaza fuvu juu ya fuvu. Mtoto mwenye uso unaokua vibaya anapigwa picha leo, na nyingine baada ya mwaka. Unachukua yale mafuvu mawili kwenye kompyuta, unalilaza moja juu ya lingine, unatazama ni wapi yameachana. Palipoachana ndipo palipokua. Kompyuta inapaka rangi: kijani, mfupa umetulia; nyekundu, umesogea nje; buluu, umerudi ndani.

Ni rahisi kusema. Ugumu ni mmoja: unalaza kwa kushika wapi? Ukishika taya, na taya ndilo linalokua, unapima kina cha mto kwa fito inayoelea. Lazima ushike mahali pasipotembea. Na mahali hapo ni sakafu ya fuvu, ule mfupa wa ndani uliobeba ubongo kwa mbele, kuanzia nyuma ya paji mpaka kwenye kiti kidogo kinachokaliwa na tezi. Mtoto akishafika miaka saba, minane, sehemu ile karibu imemaliza kukua. Uso utarefuka, pua itatoka, kidevu kitashuka, sakafu ipo pale pale. Mkufunzi wetu alisema, "Mkishika sakafu, hata mkikosea mtajua mmekosea." Niliandika maneno hayo daftarini nikayapigia mstari.

Niliporudi Tarime dhahabu ya Nyamongo ilikuwa imepamba moto. Vijana walikuwa wanashuka kwenye mabasi kutoka Singida, Geita, Kigoma, wengine na sururu mgongoni. Hospitali yetu ikajaa mikono iliyosagwa na makarasha, na migongo iliyovunjikia kwenye maduara, ndiyo mashimo ya wachimbaji wadogo. Mkuu wangu wa zamani alikuwa ameshafariki kwa kifua. Nilipewa kiti chake, na juu ya kiti kompyuta. Picha za sitiskani zilipigwa jijini, zikaletwa kwetu kwa diski, mimi nikazilaza na kuandika taarifa. Ilikuwa kazi yangu na niliipenda, niseme ukweli, nilijivuna nayo. Penseli niliiweka kwenye droo. Kompyuta haina pembeni pa kuandika.

Sasa nifike kwa Bhoke.

Bhoke Mwita Chacha wa Kerende aliletwa kwangu na baba yake, akiwa na miaka kumi na nne. Baba alikuwa na karasha yake na shamba la mahindi, mtu wa sauti kubwa aliyeshindwa kukaa kwenye benchi. Binti alijifunika kitenge mpaka puani. Alipokitoa niliona kidevu kimehamia kushoto, midomo imefuata, meno hayakutani. Taya la kulia lilikuwa limekua kupita la kushoto. Kila taya lina kichwa chake, kifundo kile unachokisikia kikicheza mbele ya sikio ukitafuna, na mfupa unarefukia hapo. Cha kwake cha kulia kilikuwa kimekataa kusimama.

"Shuleni wananiita Kona," aliniambia. "Nimeacha kwenda. Nikatwe tu."

Kukatwa kulikuwepo. Kama kichwa cha taya bado kinakua, daktari anakichonga juu ili kisimame. Lakini kama kimeshasimama chenyewe, hukigusi: ukikichonga unamharibia mtoto kiungo kizima, anaweza kutafuna kwa maumivu maisha yake yote. Huyo anasubiri mifupa ikomae, ananyooshwa taya mara moja, yamekwisha. Kwa hiyo swali lilikuwa moja: kinakua au hakikui? Na wa kulijibu nilikuwa mimi, kwa picha mbili.

Picha ya kwanza ilipigwa jijini mwezi ule ule. Mwaka ukapita, akapigwa ya pili. Diski ikaletwa na basi, ikafika Ijumaa, na Daktari Bingwa wa Taya kule jijini alikuwa ameshampangia kitanda: akitaka kukata, angekata Alhamisi inayofuata. Diski ilikuwa na picha mbili, jina sahihi, kijiji sahihi, namba moja ya mgonjwa. Nilikuwa na foleni ya watu mlangoni. Programu ilikuwa na kitufe cha kulaza yenyewe kwa kutumia uso mzima. Nikakibonyeza.

Taya lote la kulia likawa jekundu. Kidevu kilikuwa kimehama karibu upana wa kidole. Niliandika, "Ukuaji unaendelea kwa kasi," nikasaini. Jioni Daktari Bingwa akanipigia simu. "Hiyo inakimbia," akasema. "Alhamisi namkata."

Jumapili kanisani sikusikia mahubiri. Upana wa kidole kwa mwaka mmoja? Mfupa haukimbii hivyo. Na nilijua nimebonyeza kitufe ambacho ningemfokea mwanafunzi kwa kukibonyeza. Jumatatu asubuhi, kabla ya mgonjwa wa kwanza, niliyafungua tena yale mafuvu, nikafuta kila kitu, nikashika sakafu kwa mkono wangu, nukta kwa nukta.

Haikulala. Nikishika mbele, nyuma inaachana. Nikishika nyuma, mbele inapanda. Nikatazama paji kwa ndani, pale penye mfuko wa hewa ambao kila mtu ana umbo lake. Wa fuvu moja ulikuwa na vyumba viwili, wa lingine vitatu. Nikatazama meno: jino lililokosekana kwenye fuvu la awali lilikuwepo kwenye la mwisho, na kama ningeyatazama Ijumaa yangeniambia yote. Haya hayakuwa mafuvu mawili ya mtoto mmoja. Walikuwa watoto wawili.

Nilimpigia Daktari Bingwa. Akasema, "Mgonjwa alitikisika kwenye mashine."

"Akitikisika picha inachafuka, daktari. Haimwongezei chumba kwenye paji."

"Taarifa umesaini wewe mwenyewe."

"Nilikosea. Naifuta."

Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu aliyepanga wiki yake. "Binti ameshalazwa," akasema, "na kidevu chake nakiona kwa macho yangu kimepinda. Nina jina moja na namba moja. Niletee kitu cha kushika kabla ya Jumatano jioni."

Nikaenda kwa Daktari Mfawidhi, msimamizi wetu, kuomba ruhusa ya siku moja. Alinisikiliza akiwa anasaini makaratasi. "Mama Wegesa, ukienda Kerende utakuta nini? Baba na binti wako Mwanza."

"Sijui nitakuta nini. Ila mtoto wa pili yupo mahali, na jina lake ni hilo hilo."

"Kuna akina Bhoke wangapi huko?"

"Nitawahesabu," nikamwambia. Na ningewahesabu kweli.

Jumanne niliamka mapema, nikachukua bodaboda mpaka Kerende, mvua ikitupiga njia nzima. Mji wa Mwita, yaani boma la baba yake Bhoke, niliuulizia kwenye makarasha. Kijana wa Kinyiramba aliyekuwa mweupe kwa vumbi la mawe kichwani mpaka miguuni akanionyesha kwa koleo: "Pale penye nyumba mbili za bati, mama. Bosi hayupo, amempeleka mtoto hospitali."

Uani alikuwepo msichana anapukuchua mahindi kwenye sinia. Akainuka, akaniamkia shikamoo. Nikaitikia, nikamuuliza jina.

"Bhoke."

"Bhoke nani?"

"Bhoke Mwita Chacha."

Nilikaa kwenye gunia la mahindi bila kukaribishwa. Alikuwa na macho yale yale, paji lile lile la baba yake, umri ule ule. Kidevu kilikuwa kimenyooka. Juu ya sikio la kushoto, nywele zilikuwa hazijaota vizuri kwenye kovu refu.

Mama mmoja akatoka ndani akijifuta mikono. Nikamwambia nimetoka hospitali, naulizia habari za Bhoke. Akaniuliza kitu kidogo kabisa, jinsi ambavyo mtu yeyote wa kwetu angeuliza:

"Bhoke wa nyumba ipi?"

Mimi ni Mkurya. Nimezaliwa kwenye mji wa nyumba tatu. Nilikuwa na dada wawili wanaoitwa Robhi, na tangu nianze kusema najua kwamba mwanaume mwenye wake wawili ana nyumba mbili, kila nyumba ina mlango wake na jiko lake, na hakuna nyumba inayokubali kukosa jina la bibi. Bibi wa mabinti hawa, mama yake Mwita, alikuwa Bhoke. Wankuru wa nyumba ya kwanza alimzaa Bhoke wake, na Robhi wa nyumba ya pili, huyu niliyekuwa nasema naye, akamzaa wake mwaka ule ule. Nilijua mambo haya kuliko ninavyojua kompyuta. Na yule Msukuma aliyeyajua kwa kuambiwa tu ndiye aliyekuwa anaandika kwa penseli. Niliona aibu, siwezi kulificha hilo.

Robhi akanieleza. Mwanawe alikuwa anawapelekea wachimbaji maji, akateleza ukingoni mwa duara, akapasuka kichwa na kung'oka jino. Walimkimbiza moja kwa moja jijini, akapigwa picha kichwa kizima mpaka kidevu. Karani akauliza majina matatu na kijiji, akayakuta kwenye kompyuta, akaona mgonjwa amerudi. Kwa hiyo namba moja ilikuwa na picha tatu: ya Bhoke wa Wankuru, ya Bhoke wa Robhi, kisha ya Bhoke wa Wankuru tena. Kwenye diski waliniwekea mbili za mwisho. Nilikuwa nimempima dada kwa dada.

"Kwa hiyo yule mwingine anakatwa kwa sababu ya kichwa cha mwanangu?" Robhi aliuliza.

"Hakatwi," nikasema.

Akaingia ndani akatoka na karatasi ya hospitali ya siku ile ya ajali, imekunjwa ndani ya Biblia. Tarehe ilikuwa ile ile ya picha. Nikaisoma kwenye simu, neno kwa neno, Daktari Bingwa akisikiliza upande wa pili, na Bhoke wa nyumba ya pili nikampa simu aseme jina lake mwenyewe. Alilisema. Halafu daktari akasema taratibu, "Naitafuta ile picha ya kwanza. Nakutumia leo."

Mtandao wa Tarime ulikuwa unajivuta. Picha ilimaliza kuingia Jumatano saa nne asubuhi. Nilifunga mlango wa kitengo, nikawaambia walioko kwenye foleni wanivumilie, na foleni ya Tarime haijui kuvumilia, wakanisema. Nikashika sakafu. Ikalala kama kifuniko kwenye chungu chake. Kisha nikaliachia taya lipakwe rangi.

Kijani. Kulia kijani, kushoto kijani. Kile kichwa cha taya kilikuwa kimesimama kabla hata hatujaanza kukipima. Nililia kidogo, nikanawa uso, nikapiga simu. Daktari Bingwa akasema, "Namruhusu kesho." Halafu akasema, "Ahsante, mama." Tangu siku ile hakuniita tena mpiga picha.

Mngedhani hapo ndipo penye furaha. Bhoke alichukua simu ya baba yake akanipigia mwenyewe.

"Mama, kwa hiyo narudi hivi hivi?"

"Unarudi na taya lako zima."

"Sikuja kuchukua taya zima. Nimewaaga watu. Nimewaambia nikirudi hawatanijua."

Nikamwambia ukweli: kwamba atasubiri miaka minne, mitano, kwamba nitampima mara moja tu tena kwa sababu mionzi si uji wa kunywa kila asubuhi, na kwamba mifupa ikikomaa atanyooshwa. Akakata simu. Alipokuja tena kupimwa, kwa eksirei yetu ya Tarime, hakuniamkia. Nilimwambia, "Hata usiponiamkia, panda hapo nikutazame." Akapanda.

Nilimwandikia Daktari Mfawidhi barua ya kosa langu. Akanirudishia. "Hakuna aliyeumia, Mama Wegesa. Ya nini kujichongea?" Nikamwekea tena mezani. Nikamwambia iko kwenye faili la mtoto mwaka huu, au iko kwenye mazungumzo ya watu mwaka kesho, achague. Akaigonga muhuri. Chini yake nilikuwa nimeomba jambo moja, fomu zetu ziwe na mstari wa jina la mama. Mstari ulikuja baada ya miaka miwili. Katikati hapo nilitumia penseli, nyuma ya bahasha za diski, na nilimuuliza kila mgonjwa, mtoto, mzee, hata diwani, "Wewe wa nyumba ipi?" Hospitali nzima ikanipa jina hilo. Mama Nyumba Ipi. Hata wachuuzi wa getini waliniita hivyo, nami nikaitika.

Bhoke alinyooshwa akiwa na miaka kumi na tisa, mara moja, taya lake likiwa zima. Sikumwona muda mrefu.

Nimestaafu sasa. Watu huniuliza nakumbuka nini, wanatarajia nitaje mashine. Mashine zimebadilika mara tano mikononi mwangu na zitabadilika tena. Nakumbuka siku yangu ya mwisho. Nilikuwa namkabidhi kitengo binti aliyenirithi, msomi kuliko mimi, anayelaza mafuvu haraka kuliko ninavyofunga kiatu. Mlango ukafunguliwa, wakaingia akina dada wawili, kila mmoja na mtoto wa kike mgongoni. Mmoja alikuwa na kovu juu ya sikio. Mwingine alikuwa na kidevu kilichonyooka, na hakuwa amejifunika kitu.

"Shikamoo, Mama Nyumba Ipi," akasema yule wa pili.

"Marahaba." Miaka mingapi nimeisubiri shikamoo hiyo.

Walikuwa wameleta watoto kuniaga, na kwa kuwa wako hospitali, wapimwe kifua, wanakohoa. Mrithi wangu akachukua fomu, akaanza na wa kwanza.

"Jina la mtoto?"

"Bhoke. Nimempa jina la dada yangu."

"Na huyu?"

"Bhoke," akasema mwenye kovu. "Na mimi nimempa la dada yangu."

Binti akatabasamu, akashuka kwa ujasiri mpaka kwenye mstari wangu, ule niliougombania miaka miwili. "Jina la mama?"

"Bhoke," wakajibu wote wawili pamoja.

Kalamu ikasimama hewani. Akaniangalia. Nikavua koti, nikamwekea mabegani, nikafungua droo na kumpa penseli.

"Waulize bibi zao," nikamwambia.